Jana Mwenzao, Leo Mkuu Wao

Barua ya uteuzi huwa fupi. Inataja jina, cheki namba, shule na tarehe ya kuanza madaraka, kisha inakutakia utekelezaji mwema. Kwa mwalimu wa shule ya msingi nchini Tanzania, karatasi hiyo ya halmashauri aghalabu humkuta katikati ya muhula, vipindi vikiendelea na madaftari ya wanafunzi yakiwa mezani hayajasahihishwa. Wenzake humpongeza, soda hununuliwa, picha hupigwa. Kesho yake akiingia ofisi ya walimu, mazungumzo yanakatika.

Walimu wakuu niliozungumza nao, wa mjini na wa kijijini, huutaja ukimya huo kabla hawajataja fedha, majengo au matokeo ya mitihani. Ndiyo maana nimeupa sura nzima. Nimechagua shule ya msingi kwa kuwa hapo ndipo maelfu ya watumishi wa nchi hii wanapoonja uongozi kwa mara ya kwanza, ila muuguzi aliyekabidhiwa wodi na karani aliyekabidhiwa idara watayatambua mengi ya humu. Msimamo wangu ni huu: anayeinuliwa kutoka miongoni mwa wenzake hupewa kazi mbili kwa mpigo. Moja ni kujifunza ufundi asioujua. Nyingine ni kujenga upya uhusiano na watu anaowajua sana. Semina hufundisha ile ya kwanza. Wengi huangushwa na hii ya pili.

Hata hivyo ufundi wenyewe si wa kupuuzwa, kwa hiyo tuanze nao. Mwalimu huteuliwa kwa sababu gani? Mara nyingi kwa sababu ni mwalimu hodari. Watoto wake wa darasa la saba wanafaulu Hisabati, hachelewi, maandalio yake ya somo yako tayari mthibiti ubora akitokea bila taarifa. Mwaka 1969 Laurence Peter, mtu wa elimu aliyezaliwa Kanada, alishirikiana na Raymond Hull kuandika kitabu cha The Peter Principle. Walidai kwamba katika taasisi mtu hupandishwa kwa kuwa anaiweza kazi aliyonayo, akapandishwa tena na tena, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza. Na huko ndiko anakobaki. Kitabu kilijaa utani, na mifano yake mingi ilitoka shuleni. Nusu karne baadaye, mwaka 2019, wachumi watatu wa Marekani, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha utafiti uliolipima jambo hilo kwa wauzaji bidhaa wa makampuni mengi. Waliouza zaidi ndio waliopewa usimamizi zaidi, na watu waliowekwa chini ya wauzaji hao mahiri wakafanya vibaya kuliko waliowekwa chini ya wauzaji wa kawaida.

Sisemi walimu hodari wanyimwe vyeo. Mkuu asiyejua kufundisha atakaa nyuma ya darasa akiangalia somo bovu na asitambue ubovu wake. Ninachosema ni kwamba umahiri wa darasani huja na mazoea ambayo ofisini yanadhuru. Mwalimu hodari amezoea kufunga mlango na kufanya kazi yake mwenyewe. Akiona Kiingereza cha darasa la tano kinayumba, anachukua vipindi. Akiona ratiba ina kasoro, anakesha akiipanga upya, na mwalimu wa taaluma yupo. Muhula wa kwanza anasifiwa kwa uchapakazi. Muhula wa pili mwalimu wa taaluma haigusi tena ratiba, kwa nini aiguse? Na barua tatu za halmashauri zimelala bila majibu kwa kuwa mkuu alikuwa darasani. Naelewa kabisa kwa nini darasa linamvuta. Kule anaijua kazi, anatoa zoezi na kuona jibu siku hiyo hiyo. Abaki na vipindi vichache, ni jambo jema, wanafunzi watamwona na yeye atawaona. Lakini ajiulize kwa ukweli kama anakwenda kule kufundisha au kujificha.

Kisha kuna fedha. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 zikabaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo shule yenye watoto 600 inategemea shilingi 6,000 kwa kila mmoja: milioni 3.6 kwa mwaka, laki tatu kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, misumari ya madawati, mpira wa michezo, na nauli ya kupeleka taarifa halmashauri. Mwalimu aliyelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba mkuu hanunui kitu anafungua taarifa ya benki na kuiona laki tatu. Akitaka kuwaomba wazazi, anakuta michango ya lazima imekatazwa, na anajua wapo walimu wakuu waliovuliwa madaraka kwa kuikusanya. Hapo ndipo anapoanza kumwelewa mtu aliyekikalia kiti kabla yake.

Hesabu zenyewe zinahitaji hati za malipo, stakabadhi, mihutasari ya kamati ya shule na, tangu mwaka 2017, taarifa zinazoingizwa kwenye mfumo wa FFARS wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma. Chuo cha ualimu kilimfundisha saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundishia kusoma na kuandika. Uhasibu hakumfundisha mtu. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo, hutoa mafunzo ya uongozi na usimamizi wa shule, na waliopitia pale huongea tofauti. Unasikia mtu anayejua kifungu gani kinalipa kitu gani. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwanza kushika madaraka, mafunzo yakaja baadaye kama yatakuja.

Kwa upande wa sekondari mzigo huu ulionekana wazi mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, elfu kumi na mbili katika shule za sekondari na elfu tatu katika shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila chumba. Kazi ilikwenda kwa mafundi wa maeneo husika na kamati za shule, na muda ulikuwa mfupi kwa sababu kidato cha kwanza cha 2022 kilikuwa kinakuja. Wakuu wa shule waliosomea Historia au Baiolojia wakajikuta wanalinganisha bei za saruji, wanahesabu nondo na kusimamia mapokezi ya mchanga. Waliofaulu, kwa kadiri nilivyoona, ni wale waliomtafuta mapema mtu anayejua ujenzi, awe mzazi au mwalimu wa ufundi, wakamweka kwenye kamati na kumsikiliza. Waliojifanya wanajua walilipia mabati mepesi kwa bei ya mazito.

Nisimame kidogo kwenye makabidhiano ya ofisi, maana ndipo shida nyingi za baadaye huzaliwa. Mkuu anayeondoka amehamishwa kwa haraka na gari la mizigo linamsubiri nje. Anayeingia ni mtu aliyelelewa naye kikazi, anamwita mzee wangu. Kuanza kuhesabu madawati na vitabu mbele yake kunaonekana utovu wa adabu, kana kwamba unamwambia ni mwizi. Basi saini inawekwa ndani ya saa moja. Miezi inapita, mkaguzi wa ndani anakuja na leja, anaulizia mabati, anaulizia mashine ya kurudufu, na jina lililo chini ya hati ni la mkuu mpya. Ushauri wangu hapa hauna nusu: hesabu. Mwite mwenyekiti wa kamati ya shule na mwalimu mwingine mmoja, mwombe mzee wako kiti, mpe chai, kisha mpite stoo pamoja, mstari kwa mstari. Kisichokuwepo kiandikwe kwamba hakipo. Hiyo inamlinda yeye pia, kwa sababu jambo likiibuka baadaye atakuwa na karatasi inayoonyesha aliacha nini.

Sasa wenzako.

Mpaka juzi mlikuwa mnakaa benchi moja. Mlichangiana kwenye misiba na harusi, mlicheza upatu, mlimsema mkuu aliyepita kwa sauti ya chini. Kila mmoja anajua deni lako la saccos na ugomvi wako na dada yako. Leo Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya 2015 inakufanya mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi: unaweza kumwandikia onyo mtu aliyekubebea mtoto ulipokuwa mgonjwa. Na kila mwisho wa mwezi unapata posho ya madaraka, ambayo kwa walimu wakuu wa msingi ilianza kulipwa mwaka 2016 kwa shilingi 200,000. Kila mwalimu anakijua kiasi hicho. Mkuu akisema hana hela ya kuchangia sherehe, kuna mtu atacheka pembeni.

Katika hali hiyo wakuu wapya huelekea pande mbili, na zote nimeona zikiharibu kazi. Wako wanaotaka kuonyesha kwamba hawajabadilika. Wanabaki kwenye kundi la WhatsApp la masengenyo, wanaruhusu rafiki achelewe, wanasema "mimi ni mwenzenu tu". Wako wengine wanaokaza tangu siku ya kwanza: daftari la mahudhurio linafungwa saa moja na nusu kamili, anayetoka anasaini, salamu zinakuwa za mbali. Wa kwanza wanapoteza walimu wanaojituma, kwa sababu hao ndio wa kwanza kuona upendeleo. Wa pili wanapoteza taarifa. Watoto wataacha kuja shule kwa njaa, mwalimu mmoja ataanza kulewa, choo cha wasichana kitaziba, na mkuu atakuwa wa mwisho kujua, akiwa na daftari zuri sana la mahudhurio.

Njia ninayoiamini inahitaji ujasiri wa mazungumzo. Rafiki wa karibu aambiwe mapema, faraghani, kwa maneno ya kawaida. Mwalimu mkuu mmoja wa kike alinisimulia jinsi rafiki yake alivyomjia wiki ile ile ya uteuzi.

"Shoga, kesho nitachelewa kidogo. Wewe si unayajua mambo yangu?"

"Nayajua. Ndiyo maana nataka uandike ruhusa, niisaini. Akitokea wa kusema nakupendelea, nimwonyeshe karatasi."

Rafiki alinuna kwa muda. Lakini ofisi nzima ilipata habari kabla ya saa nne, na hakuna aliyekuja tena kuomba ruhusa kwa kukonyeza. Jambo linalonipendeza katika jibu lile ni kwamba halikumkana rafiki. Alikubali kwamba anayajua matatizo yake na akampa ruhusa. Alichokataa ni kuitoa kimyakimya.

Yuko pia mtu mwingine anayehitaji mazungumzo, na wengi humkwepa: yule aliyetegemea kupewa cheo hicho. Mara nyingi ni mwalimu mkuu msaidizi, amekaimu kwa miezi, amepeleka taarifa zote, na wanakijiji walishaanza kumwita mkuu. Uteuzi ukamruka. Akiachwa na uchungu wake, hatafanya hujuma yoyote inayoonekana. Atatekeleza kila agizo kama lilivyoandikwa na hatasema neno pale agizo linapokosea. Mwendee. Usimwombe radhi, maana hukujiteua. Mwambie unajua amebeba shule, muulize ni jambo gani alikuwa amepanga kulifanya kama angepewa nafasi, na likiwa zuri mpe alisimamie kwa jina lake mbele ya kikao cha walimu. Nimewauliza wasaidizi kadhaa ni nini kiliwauma zaidi, nao hawakutaja posho. Walitaja kwamba hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo nao.

Tena kuna mtangulizi ambaye hajaondoka. Amestaafu lakini anaishi jirani na shule, walimu wanapita kwake jioni, na kila badiliko linafika sebuleni kwake kabla halijafika kwa wazazi. Taifa letu limewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Ali Hassan Mwinyi, mtu aliyeanza maisha ya kazi kama mwalimu Zanzibar, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwezi Novemba 1985, na Mwalimu Nyerere akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, katika nchi ya chama kimoja ambamo chama kilishika hatamu. Mwaka 1986 serikali ya Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, baada ya Nyerere kuyapinga masharti ya shirika hilo kwa miaka. Alibadilisha njia huku mwenye njia ya zamani akiwa bado kiongozi wa chama, na aliendelea kumpa heshima yake hadharani. Mkuu mpya wa shule anaweza kuchukua hapo somo la kazi: unaweza kubadilisha utaratibu wa mtu bila kumvunjia heshima mwenye utaratibu. Usiseme kikaoni kwamba ulikuta uozo. Sema tu tunachofanya kuanzia Jumatatu. Halafu mpitie mzee mwenyewe umweleze, asisikie kwa wengine.

Wengine watasema dawa ni kumleta mkuu kutoka mbali, asiye na shoga wala deni la upatu pale shuleni. Kenya ilijaribu kwa kiwango kikubwa. Kuanzia mwaka 2018 Tume ya Huduma ya Walimu ya nchi hiyo iliwahamisha walimu wakuu kwa wingi nje ya kaunti zao za nyumbani. Vyama vya walimu vilipinga, familia zikatengana, na baada ya uchaguzi wa 2022 sera hiyo ikalegezwa na walimu wengi wakarudi. Mgeni kweli huanza bila upendeleo. Lakini pia huanza bila kujua ni mzazi gani husikilizwa kijijini, kisima kipi hukauka Septemba, na kwa nini mwalimu fulani haongei na mwenzake. Kwa maoni yangu mwenyeji anayekubali kubadilisha uhusiano waziwazi ana faida kubwa kuliko mgeni, na ndiyo maana mazungumzo niliyoyataja hapo juu yanastahili taabu yake.

Linda Hill, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwafuatilia watu 19 katika mwaka wao wa kwanza wa usimamizi na kuandika kitabu kilichotoka 1992. Wengi walidhani cheo kingewapa uwezo wa kuamuru. Waligundua wanawategemea walio chini yao kuliko walivyowahi kumtegemea mtu yeyote. Walikuwa watu wa biashara Marekani, ila mwalimu mkuu wa Nachingwea au Kasulu anaweza kusema hayo hayo. Ukiagiza maandalio ya somo, yataletwa, yamenakiliwa ya mwaka jana. Anayeingia darasani saa mbili asubuhi na kufundisha kwa moyo ni mwalimu, na hakuna saini yako inayoweza kumlazimisha awe na moyo huo. Ndiyo maana wiki za mwanzo ni vizuri zitumike kumwita kila mwalimu peke yake na kumuuliza kitu kimoja kinachomkwamisha. Majibu huwa madogo kuliko unavyotarajia: ufunguo wa kabati la vitabu, zamu inayoangukia kila mara siku ya kliniki ya mtoto, darasa lenye watoto wengi mno asilobadilishiwa kwa miaka. Tatua mawili matatu ndani ya mwezi. Usiahidi yasiyo mkononi mwako, hasa uhamisho na nyumba.

Juu yako kuna Afisa Elimu Kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kamati, diwani, na kila mmoja ana namba yako ya simu. Sitakaa sana hapo. Utajifunza haraka kwa sababu watakupigia. Jambo moja tu: taarifa mbaya ipeleke wewe, ipeleke mapema, na ipeleke kwa maandishi.

Nyumbani nako kuna bei. Kwa wanawake bei hiyo ni kubwa zaidi, na sipendi vitabu vya uongozi vinavyolipita jambo hili kama halipo. Mwanamke akikubali uteuzi wa shule ya mbali, ataulizwa watoto amemwachia nani, swali ambalo mwanamume mwenye watoto wale wale hataulizwa. Akikaza kikaoni ataitwa mkali. Mwanamume akikaza ataitwa ana msimamo. Halmashauri zinazolalamika kwamba wanawake wanakataa madaraka zianze na nyumba ya mwalimu karibu na shule, zione kama wataendelea kukataa.

Kwa halmashauri hizo nina ombi jingine. Msimpe mtu barua Ijumaa akaanze Jumatatu. Mpeni wiki mbili za kukaa na anayeondoka, mpitisheni kwenye hesabu za shule mkiwa naye, na mafunzo yatangulie saini ya kwanza ya benki. Gharama yake ni ndogo kuliko hoja moja ya ukaguzi.

Wewe uliyepata barua, kabla wiki haijaisha mtafute yule aliyeitegemea. Nenda mwenyewe, usimtume mtu, na uende kabla hujahamisha vitu vyako kwenye ofisi ya mkuu.